Kigoda cha Baba Nje ya Mlango Wangu

Nilikaa Nyanchwa miaka minne nikisoma chuo, katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mji wa Kisii. Baba yangu alikuja kunitembelea mara nyingi kuliko nilivyotaka, na mara zote, isipokuwa ile ya mwisho, alikaa nje ya mlango.

Hakuwa na kinyongo. Kwetu Gusii kijana akishatahiriwa, baba yake hakanyagi ndani mwake. Jambo hili tunaliita chinsoni, yaani zile haya za heshima kati ya mzazi na mtoto. Baba haoni kitanda cha mwanawe, mwana haoni cha baba, na kuna mambo ambayo wawili hao hawayataji wakiwa pamoja hata nyumba iungue. Wanafunzi wenzangu waliotoka mbali walishangaa wakimwona mzee mzima na koti lake la Sabato ameketi kwenye kibaraza kama mtu aliyenyimwa ruhusa. Mmoja aliniuliza kama tumegombana. Nikamwambia la, tunaheshimiana.

Mwenye nyumba hakushangaa. Alikuwa mama wa Kiislamu aliyeuza leso na vitambaa mjini, ukoo wake umekaa Kisii tangu enzi za babu zake, na Ekegusii alikizungumza kunishinda mimi. Siku ya kwanza baba alipokuja, alimletea kigoda cha plastiki cha rangi ya buluu, akakiweka kando ya mlango wangu, akasema, "Hiki ni chako, mzee. Kitakaa hapa hapa." Kikakaa hapo hapo. Nilipofagia kibaraza nilikizunguka.

Nakiri kwamba mimi niliipenda mila hii, lakini kwa sababu mbaya. Mtu akijua kwamba baba yake hataingia chumbani mwake hata kunyeshe mvua ya mawe, anaweza kuficha humo chochote. Mimi nilificha miaka miwili.

Chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, meza tatu na laptopu tatu. Meza moja ilikuwa yangu, mbili za rafiki zangu ambao walikuja kila asubuhi kama watu wa ofisini. Kazi yetu ilikuwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Kijana huko anatuma swali alilopewa na mwalimu wake, sisi tunaandika jibu, yeye anatia jina lake, anafaulu. Vijana wengi Kisii walikuwa wakiifanya kazi hiyo na hakuna aliyeiona kuwa ya ajabu. Hela ilikuja, siwezi kudanganya, na mimi nilikuwa na mkono mwepesi wa kuandika. Niliandika kuhusu uuguzi katika nchi zenye theluji. Niliandika kuhusu sheria za ardhi za visiwa nisivyoweza kuvionyesha kwenye ramani, ilhali nilikuwa mwanafunzi wa ualimu wa jiografia. Maadili ya biashara niliyaandika mara nne, na mara zote nne mteja alisifiwa.

Huku darasani kwangu, mteremko mmoja tu kutoka hapo, sikuwa nikionekana. Mwanzoni nilikosa mihadhara ya asubuhi, kisha ya mchana, kisha nikakosa mtihani mmoja kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Mtihani wa kwanza kuukosa unauma. Wa pili unauma kidogo. Baada ya hapo nilijitia hamnazo, nikijiambia nitalipanga jambo hilo muhula ujao. Muhula ujao nao ukaja ukapita.

Mwanzoni mwa mwaka wa tatu niliitwa idarani. Karani wa idara, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alilisoma jina langu kwenye faili, akanitazama, akalisoma tena.

"Wewe ndio huyu?"

"Ndiyo, madam."

"Mbona hiyo sura sijawahi kuiona hapa? Na umekuwa kwetu miaka miwili!"

Akanigeuzia karatasi. Masomo manane hayakuwa na alama. Mengine nilikuwa sijafanya mtihani, mengine nilikuwa sijapeleka kazi yoyote. Kamati ilikuwa imekaa, akaniambia, na imenihurumia: nitakubaliwa kuendelea na mwaka wa tatu, mradi hayo manane niyafanye pamoja na masomo yangu mengine katika miaka miwili iliyobaki. Nikishindwa na moja tu, nimeaga chuo. Kulikuwa na fomu ya kukubali masharti hayo. Mimi natia sahihi hapa, mzazi anatia sahihi pale, na fomu irudi Ijumaa kabla ya ofisi kufungwa.

"Isiporudi?" nikauliza.

"Isiporudi nitaandika umeacha shule mwenyewe," akasema, akavaa miwani yake. "Na mzazi akuje na kitambulisho ama atume nakala. Msiniletee mambo ya kujifanyia."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilipanda kilima cha Nyanchwa kwa miguu, boda boda wakinipigia honi nami siwasikii. Nilikuwa na nakala ya kitambulisho cha baba tangu siku za kuomba mkopo wa masomo. Kilichokosekana ni sahihi tu. Na mimi ni mtu gani, jamani? Nilikuwa nimeandika kwa majina ya watu wa mabara matatu. Jina la baba yangu mwenyewe lingenishinda?

Sahihi ya baba naijua tangu utotoni. Tulipojenga tangi la maji nyumbani, upande wa Nyamira, aliichora kwa msumari kwenye saruji mbichi: herufi kubwa yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina lote na kurudi nyuma. Nilichukua karatasi safi nikaanza kujifunza. Kufikia Jumatatu jioni mkia ulikuwa ukiyumba. Kufikia Jumanne asubuhi ulikuwa mzuri hata nikajipongeza.

Sababu ya kutomwambia ilikuwa moja. Kule kwetu watu wa chai hukutana kituoni kupima majani, na wakisubiri lori hawana kazi nyingine ila kusema watoto wao. Baba hakuwa mtu wa kupiga domo. Lakini mama aliniambia kwamba hapo kituoni watu walikuwa wameanza kumwita Baba Mwalimu, naye alikuwa akiitika. Niliwaza jinsi atakavyoitika baada ya kusikia kwamba huyo mwalimu amebakisha hatua moja tu afukuzwe chuo. Nikarudi kwenye karatasi yangu.

Jumanne hiyo hiyo, mnamo saa nne asubuhi, nikasikia mtu anakohoa nje. Kikohozi cha baba nakijua, ni cha kutoa taarifa. Alikuwa amekuja mjini kupimwa macho na akaona apitie. Tuligeuza laptopu chini chini, rafiki zangu wakatoka wakimwamkia kwa adabu zote, na mimi nikatoka nikauvuta mlango nyuma yangu. Alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake cha buluu, kofia gotini, mkungu mdogo wa ndizi miguuni.

Tulizungumza mambo ya nyumbani. Ng'ombe amezaa. Majani ya chai yameshambuliwa na baridi. Kisha mvua ya Kisii, ambayo kwa kawaida husubiri alasiri, siku hiyo ikaamua kuja mapema, nayo ilikuja imeinamia upande wetu. Kibaraza kilikuwa chembamba. Baba alivuta kigoda mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akaweka kofia kichwani, maji yakimrukia viatu na suruali hadi magotini. Mlango wangu ulikuwa hatua moja kutoka alipo. Hakuutazama hata mara moja.

Mwenye nyumba alipiga kelele kutoka dirishani mwake kule chini. "Wewe mwanangu! Baba yako analowa na wewe umesimama kama nguzo ya stima! Njoo uchukue mwavuli!"

Nikakimbia nikauchukua. Nikasimama kando ya baba nikiwa nimemfunikia, mimi nalowa mgongo. Ile ilikuwa nafasi yangu na niliijua. Fomu ilikuwa ndani, hatua moja. Nilifungua kinywa mara mbili.

"Unaandika sana?" akauliza ghafla.

"Naandika, Tata," nikajibu. Tata ndiyo baba kwa lugha yetu. Jibu lenyewe lilikuwa la kweli kabisa, na ndiyo maana nilishindwa kumtazama.

Mvua ilipopungua akainuka, akakung'uta kofia. Akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Nyanya yako anasema anataka kuja kukuona. Hajawahi kuona unapokaa." Akashuka kilima akichagua pa kukanyaga.

Sikulitilia maanani neno hilo. Mtu wa Gusii angelitilia maanani. Nilikuwa nimezama katika mkia wa sahihi hata nikasahau nilikozaliwa. Kwetu, haya hizo zote ni kati ya baba na mtoto. Kati ya nyanya na mjukuu hakuna haya yoyote. Nyanya anaingia, anakaa kitandani, anafunua sufuria, anakuuliza una msichana gani na mbona ni mwembamba hivyo, na huna pa kwenda kushtaki.

Alifika Alhamisi asubuhi, ameketi upande upande kwenye boda boda, leso mbili kiunoni na kikapu mapajani, akimfokea mwendeshaji kwamba kilima si chake peke yake. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango, akasimama katikati ya chumba na kuangaza macho.

"Mume wangu," akasema, maana hivyo ndivyo nyanya zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume kwa mzaha, "hii ni nyumba ama ni posta?"

Rafiki zangu waliinuka kama waliomwagiwa maji ya moto, wakasema wana darasa. Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, kwa kuwa mmoja wao alikuwa ameacha chuo mwaka mzima uliopita. Walipotoka, nyanya akaketi kitandani, akalijaribu godoro kwa kulidundia mara mbili, akatoa kwenye kikapu ugali wa wimbi uliofungwa kwa jani la mgomba na bakuli la chinsaga, mboga ile chungu ambayo hakuna anayeipika kama yeye. Akanitaka nile. Nikala. Yeye akaanza ukaguzi.

Alifunua sufuria, akaguna. Alifungua dirisha. Aliinua nguo zangu moja moja na kuzikunja, na alipofika mezani akainua vitabu, na chini ya vitabu ikatoka ile karatasi. Ilikuwa imejaa sahihi ya baba kutoka juu mpaka chini, kama arobaini hivi, nyuma na mbele.

Nyanya hajui kusoma. Nilishusha pumzi. Lakini aliishika karatasi ile, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaipeleka dirishani penye mwanga.

"Hii si ile ya kwenye tangi?" akasema.

Kila asubuhi kwa miaka kumi na zaidi alikuwa amechota maji kwenye tangi lile. Ule mkia aliujua kuliko nilivyoujua mimi.

"Mwanangu, baba yako, hajakuja hapa kuandika jina lake mara zote hizi," akaendelea, sauti imeshuka. "Ni nani ameliandika?"

Sikuwa na pa kupita. Nilimwambia yote, chakula bado mkononi. Nilimweleza kuhusu watu wa ng'ambo na insha zao, masomo manane, kamati, fomu, Ijumaa. Nilimwambia kwamba nimeogopa hata usingizi umenikataa. Nililia, tena si kilio cha kiume.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hao watoto wa wazungu unaowaandikia. Wakimaliza shule, wanaitwa nani?"

"Kila mtu na kazi yake, nyanya. Wauguzi. Mawakili. Walimu."

"Na wewe utaitwa nani?"

Akaikunja ile karatasi ndogo ndogo, akaifunga kwenye pindo la leso yake. "Hii nitakwenda kuwashia moto jikoni," akasema. "Sasa sikiliza. Baba yako ndiye amenituma. Tangu mwaka jana ananisumbua, mama nenda uone, mama nenda uone. Yeye hawezi kuingia. Lakini ana macho, hata kama anaenda kupimwa. Kila akija hapa saa nne asubuhi, siku ya shule, anakuta viatu vyako mlangoni. Vyako na vya wale wawili. Mtu aliye darasani viatu vyake haviko mlangoni kwake."

Viatu! Nilikuwa nimefunga mlango, nimefunga dirisha, nimegeuza laptopu, na kila mara baba alikuwa ameketi kando ya viatu vyangu akivitazama.

"Mbona hakuniuliza?"

"Angekuuliza vipi? Yaliyo nyumbani mwako si ya kuulizwa na yeye. Ni yangu." Akainuka, akatoka kibarazani, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. "Njoo! Panda!"

Baba alikuwa pale chini kwa mwenye nyumba, kwenye benchi, kikombe cha chai mkononi. Walikuwa wamekuja pamoja, kila mmoja na boda boda yake. Alikuwa amekaa hapo muda wote ule nikila chinsaga na kulia.

Alipanda polepole, akaketi kwenye kigoda chake. Mimi nilikaa sakafuni upande wa ndani wa kizingiti, na nyanya akasimama katikati yetu, mguu mmoja ndani mmoja nje. Akasema yote yeye. Hakunipunguzia na hakutia chumvi. La sahihi alilitaja pia, ijapokuwa nilimwomba kwa macho asilitaje. Baba alikuwa akitazama mji kule chini, mabati yanang'aa, mawingu yanajikusanya upande wa Nyamira.

Nyanya alipomaliza, akaingia ndani akaketi.

"Imebaki miaka mingapi?" baba akauliza, bado hajanitazama.

"Miwili, Tata."

"Inatosha?"

Hili ndilo swali nililokuwa nikilikwepa tangu Jumatatu. Nilihesabu kichwani masomo manane, na yale mengine ya kawaida, na mafunzo ya kufundisha. "Inatosha," nikasema. "Lakini haina nafasi ya kitu kingine."

"Basi usiweke kitu kingine." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi. Na kalamu inayoandika."

Aliiweka fomu juu ya kitabu changu cha ramani, kitabu juu ya goti, akatia sahihi. Macho yalikuwa bado yana dawa aliyopewa Jumanne na kitabu kiliteleza gotini. Mkia haukurudi nyuma ulivyotakiwa, ulitoka nje ya mstari ukaishia njiani. Haikufanana kabisa na ile ya kwenye tangi. Zile zangu arobaini zilifanana na sahihi ya baba kuliko hii ya baba mwenyewe. Nikaona haya ambayo sijawahi kuiona tena, na papo hapo nikahisi mwili wote umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia la majani mabichi mgongoni.

Alinirudishia kalamu. "Halafu geuza meza yako," akasema. "Iangalie mlango. Nikija, mlango uwe wazi. Kuona kutoka nje si kuingia."

Nyanya akacheka ndani huko mpaka akakohoa. "Mzee amepata dirisha," akasema.

Fomu niliipeleka siku hiyo hiyo, sikungoja Ijumaa. Karani aliitazama ile sahihi iliyopinda, akanitazama mimi. "Hii ni ya mzee kweli," akasema, akagonga muhuri. Usiku ule nililala kama gogo.

Rafiki zangu walichukua meza zao wiki hiyo. Tuliagana vizuri. Waliniona mjinga kidogo, na kwa miezi michache hata mimi nilijiona hivyo, hasa mwisho wa mwezi. Haikuchukua muda mrefu kazi yenyewe ikakauka, maana watu wa ng'ambo walipata mashine za kuwaandikia insha kwa dakika moja, tena bila kulala. Mmoja wa wale marafiki sasa anauza vifuniko vya simu karibu na stendi. Tukikutana tunacheka.

Ile miaka miwili ndiyo niliyosoma chuo. Nilikaa kwenye madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili na watoto wadogo walioniita mzee na kuniwekea kiti. Wahadhiri waliniuliza nimehamia kutoka wapi. Mwanzoni nilikaa nyuma, kisha nikaona kwamba kama nimeshachekwa basi nichekwe nikiwa mbele, mahali panaposikika. Nilianza kuuliza maswali. Ajabu ni kwamba nilijua mambo mengi ya ovyo kutokana na insha zile, na mhadhiri mmoja akashangaa kwamba nilijua jinsi barafu inavyochimba mabonde. Sikumwambia nilikoyatoa.

Siku moja walitupeleka juu ya ukingo wa Manga kusoma miamba. Tukiwa pale ukingoni, mhadhiri akatuambia tutaje tunachokiona. Wenzangu walitaja tabaka za mawe. Mimi niliona vilima vyetu, mashamba ya chai yaliyopangwa kijani kibichi, na nikaanza kueleza kwa nini majani ya upande ule yanaungua na baridi na ya upande huu hayaungui. Nilieleza mpaka yule mhadhiri akaacha kuandika. Nilifurahi siku ile. Nilikuwa nimesoma jiografia kwa miaka miwili na nusu nikifikiri iko mahali pengine.

Mafunzo ya kufundisha niliyafanya katika shule moja ya Kenyenya. Wiki ya pili nilipokea daftari thelathini za kidato cha pili, na katika dakika tano nilijua ni mtoto yupi ameandikiwa na dada yake. Sikumwaibisha. Nilimwita kando nikamwambia akae karibu na dirisha aiandike tena, yake mwenyewe, hata ikiwa mbovu. Aliandika mbovu kweli. Nikaipa alama zake na tukaanzia hapo.

Baba aliendelea kuja. Kikohozi, kigoda, kofia gotini. Mlango ulikuwa wazi na meza inamtazama, na kama nilikuwa na kazi sikuiacha, niliendelea kuandika naye akaendelea kukaa. Mara nyingi alikuta viatu havipo. Siku hizo, mwenye nyumba aliniambia, mzee alikuwa akikaa dakika kumi, anafurahi, anashuka zake. Nikiwepo aliniuliza swali lile lile.

"Hiyo ni ya nani?"

"Yangu, Tata."

Aliuliza hivyo kwa miaka miwili. Hakuwa ananipima. Nadhani alipenda tu kulisikia jibu.

Alama za mwisho zilitoka asubuhi ya siku ya kawaida. Karani aliniita dirishani kwake, akapitisha kidole kwenye orodha, moja, mbili, mpaka nane, na mpaka mwisho wa ukurasa. "Umemaliza," akasema. "Nenda ukaambie yule mzee wa sahihi mbaya." Niliketi kwenye ngazi za idara. Nikampigia simu nyanya kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kujua mambo yangu kwanza.

Siku ya kuhama, baba alikuja kunisaidia kubeba. Kitanda na godoro nilivishusha mwenyewe, kisha nikatoa sufuria, vitabu na meza, naye akipokea mlangoni na kuvishusha hadi kwenye gari alilokodi. Mwenye nyumba alikuja na ufagio, akamwambia baba kigoda ni chake, aende nacho. Nilifagia chumba. Nilipogeuka kutoka, baba alikuwa amesimama kizingitini, ameshika kigoda. Akatazama pembe palipokuwa pamekaa kitanda, pakavu patupu. Chumba hakikuwa tena nyumba yangu wala ya mtu mwingine.

Akavua viatu, akaviacha nje, akaingia.

Alitembea hadi dirishani akatazama mji. Akagusa ukuta. Akageuka akanitazama, na macho yake, yale ya kupimwa, yalikuwa na maji.

"Kumbe ni kidogo hivi," akasema.

"Ni kidogo, Tata," nikamwambia.

Alikaa humo kidogo, kisha tukatoka, nikafunga mlango na kumrudishia mwenye nyumba ufunguo wake.